Gari Lililala, Betri Ikakesha

Tuliondoka Mombasa Jumanne baada ya sala ya Alfajiri, watu watano ndani ya gari dogo: mume wangu, mimi, watoto wetu wawili na mavyaa wangu. Mavyaa alikuwa na miadi ya daktari wa macho mjini Eldoret siku ya Alhamisi saa mbili asubuhi, miadi tuliyoingojea kwa miezi mitatu. Ana kisukari cha miaka mingi, na macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu mahali ambapo watu wengine wanaona nyuso. Wifi yangu aliyeolewa huko bara ndiye aliyetutafutia nafasi hiyo, akasisitiza tufike siku moja kabla ili mama yake apumzike.

Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni takriban kilomita 800. Tulilala Nairobi kwa jamaa, na Jumatano tukapanda kupitia Nakuru na Timboroa, ambako reli hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha tukateremka hadi Eldoret iliyo kwenye mita 2,100 hivi. Dawa ya mavyaa, insulini ya mwezi mzima, ilikuwa ndani ya kijokofu kidogo cha gari kilichochomekwa kwenye lile tundu la dashibodi. Njia nzima kilifanya kazi bila kutusumbua, wala hatukujiuliza kilikuwa kinakula nini.

Jioni ile, baada ya Magharibi, umeme ukakatika mtaani kwa wifi. Tukahofia dawa. Tukaitoa kwenye jokofu la nyumbani, tukairudisha kwenye kijokofu chetu, na mume wangu akakichomeka tena garini. Injini alikuwa ameizima na ufunguo yuko nao mkononi, lakini taa ya kijani ikawaka. Tukafurahi. Watoto nao wakapata fursa ya kuchaji simu mbili kwenye tundu la nyuma. Tuliswali Isha, tukala, tukalala tukiwa na amani ya watu waliokwisha kutatua jambo.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mume wangu alizungusha ufunguo. Gari likajibu kwa sauti ndogo, tak-tak-tak, kisha likanyamaza. Taa ya kijokofu ilikuwa imezimika. Mavyaa alikuwa amekwisha kuvaa buibui lake, ameketi sebuleni na kadi ya hospitali mkononi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Aliyetuokoa, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, ni mzee jirani wa wifi aliyekuwa akipita na pikapu iliyosheheni mitungi ya maziwa. Alisimama pasipo kuitwa. Akatoa nyaya kutoka chini ya kiti, na katika dakika kumi gari letu likanguruma. Mume wangu alipotia mkono mfukoni, mzee alikataa. "Maziwa yangu yasipochacha, tumelipana," alisema. Kisha akauliza gari lilikuwa limelala na mzigo gani. Nilipomweleza habari ya dawa na kijokofu, alitazama umande uliokuwa umetanda juu ya nyasi, akatikisa kichwa kwa upole: "Mama, hapa kwetu usiku hatununui baridi."

Tulifika kwa daktari tukiwa tumechelewa robo saa, na alhamdulillah mavyaa akapokewa. Lakini maneno ya mzee yule yamekaa nami. Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi gari ni la familia nzima, na mara nyingi mama ndiye anayebaki ndani yake na watoto wakati baba ameingia ofisini, sokoni au msikitini. Tundu lile la dashibodi tunalitumia kila siku. Ni haki yetu kulijua.

Ndoo, si kisima

Tundu hili halikuwekwa kwa ajili ya simu. Asili yake ni kiwasha sigara: kipande cha chuma kilichopashwa moto na umeme wa betri ili mvutaji apate cheche. Leo wengi wetu hatuna sigara ndani ya gari wala hatutaki harufu yake, ila tundu limebaki, na limekuwa mlango wa simu, kijokofu, feni, taa na hata pampu ya kujaza upepo magurudumu.

Umeme wa mlango huo hutoka sehemu mbili tofauti, na hapa ndipo penye siri yote. Injini ikiwa inanguruma, inazungusha altaneta, na altaneta ndiyo inayozalisha umeme wa kuendesha vifaa na kuijaza betri kwa wakati mmoja. Ukipima wakati huo utapata kati ya volti 13.5 na 14.5. Injini ikizimwa, altaneta husimama. Kuanzia dakika hiyo kila kifaa kinakunywa kutoka kwenye betri peke yake, na hakuna anayeongeza.

Kwa hivyo betri ya gari tuione kama ndoo, tusiione kama kisima. Altaneta ni mferejini. Mfereji ukiwa wazi, unaweza kuchota huku ndoo inajaa. Mfereji ukifungwa, kila kikombe unachochota kinapunguza kilichomo, hata kama kikombe ni kidogo.

Tena ndoo yenyewe imetengenezwa kwa kazi maalumu. Betri ya kawaida ya gari ni ya madini ya risasi na asidi, yenye vyumba sita vinavyotoa jumla ya volti 12 na ushei. Ndani yake mna sahani nyingi nyembamba, ili iweze kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache. Starta ya gari dogo huweza kuhitaji zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo mmoja, kisha injini ikiwaka kazi yake imekwisha. Betri hii ni mkimbiaji wa mbio fupi. Kuichosha pole pole usiku kucha ni kumlazimisha mkimbiaji huyo abebe mzigo hadi mji wa pili.

Betri za sola ambazo wengi wetu tumeziona mashambani ni za namna nyingine. Sahani zake ni nene, na zimeundwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Betri ya gari ikimalizwa kabisa mara kwa mara, sahani zake hufunikwa na chembechembe za salfeti ambazo zikikaa hugeuka ngumu, na uwezo wake haurudi tena kama zamani. Ndiyo maana betri iliyokufa mara tatu huwa hata ikichajiwa haitegemeki.

Hesabu ya jikoni

Hesabu ya mambo haya ni nyepesi kuliko hesabu ya kugawa pilau ya arusi. Tazama kifaa chako kimeandikwa wati ngapi. Gawanya kwa 12, utapata ampea. Zidisha ampea hizo kwa idadi ya saa unazotaka kukitumia, utapata ampea-saa, yaani kiasi utakachochota kwenye ndoo. Ukubwa wa ndoo nao huandikwa ubavuni mwa betri au kwenye karatasi yake. Betri za magari madogo mengi huwa kati ya ampea-saa 35 na 60.

Kijokofu chetu kimeandikwa wati 48. Gawanya kwa 12, ni ampea 4. Tulikichomeka saa mbili usiku. Hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa tisa. Nne mara tisa ni 36. Betri yetu ni ya ampea-saa 45 ilipokuwa mpya, nayo ilikuwa imetimiza miaka mitatu. Ongeza simu mbili za watoto, na mtoto wa darasa la nne anaweza kukueleza kwa nini gari lilinyamaza.

Si lazima betri iishe kabisa ndipo gari likatae kuwaka. Ikiwa imejaa na imetulia, hupima volti 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekaribia ukingoni, na starta huenda isizunguke. Kanuni ya tahadhari ni kutochota zaidi ya robo ya ndoo wakati injini imezimwa. Kwa betri ya 45, robo ni kama ampea-saa 11, na kwa betri iliyozeeka ni chini ya hapo.

Sasa tupime vifaa vyetu vya kila siku. Kujaza simu moja kuanzia sifuri hadi mwisho huchukua kama ampea-saa 2. Basi simu moja au mbili haziui betri yenye afya. Taa ndogo ya ndani ya wati 10 iliyosahauliwa usiku kucha hula kama 8. Kompyuta ya mkononi ya wati 60 hula ampea 5 kila saa, na ikipitia kwenye inveta hula zaidi, kwa kuwa inveta nayo hujitwalia sehemu yake. Taa kubwa za mbele, pamoja na zile za nyuma, hula karibu ampea 10. Ukiziacha saa moja tu umekwisha kula robo yako. Nguvu ya kifaa na muda wake ni ndugu wawili. Kifaa kidogo kwa muda mrefu kinaweza kukumaliza zaidi ya kikubwa cha dakika tano.

Mfano wa jambo hili ni mashine ya kumvutisha mtoto dawa ya pumu. Aina nyingi zinazotumia umeme wa nyumbani hula kama wati 100, ambazo ni nyingi, lakini dawa huisha kwa dakika kumi hivi. Kwa inveta nzuri mtoto atapata nafuu na betri itakuwa imetoa chini ya ampea-saa 2. Kwa dharura kama hiyo mama asisite.

Tundu lako ni la aina gani?

Magari hayafanani. Katika mengine tundu hufa mara ufunguo unapotolewa. Katika mengine, kama letu, huwa hai mchana na usiku. Mengine yana matundu mawili, moja la namna hii na jingine la namna ile, na mengine hukata umeme yenyewe baada ya dakika kadhaa. Kujua lako ni la namna gani huhitaji jaribio dogo: zima injini, toa ufunguo, funga milango, kisha chomeka chaja yenye taa. Tazama mara moja, utazame tena baada ya nusu saa. Taa ikiwa bado inawaka, jua kwamba chochote utakachosahau hapo kitakesha kikinywa betri.

Kwenye swichi ya ufunguo kuna hatua iliyoandikwa ACC. Hatua hiyo huwasha redio na matundu bila kuamsha mitambo mingine ya injini. Ukihitaji redio au chaja kwa muda mfupi huku umemngojea mtu, simamisha ufunguo hapo, usiupeleke hatua ya ON, ambayo huamsha vitu vingi usivyovihitaji. Katika magari mengi ya kubonyeza kitufe, kubonyeza mara moja bila kukanyaga breki ndiko kunakoleta ACC. Lakini mtoto asiachwe peke yake garini kwa hali yoyote, sembuse na ufunguo ukiwa umewashwa, vioo vya umeme viko tayari kufunga na joto linapanda.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wengi, nalo ni fyuzi. Tundu hulindwa na fyuzi ya ampea 10, 15 au 20. Fyuzi ya 15 hubeba wati 180 tu. Pasi, birika la umeme na mashine ya kukausha nywele, vyenye wati 1,000 na zaidi, havina nafasi hapo, hata muuza inveta akuapie. Fyuzi ikikatika, usiibadilishe na kubwa zaidi, wala usiifunge kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Waya utapata moto nyuma ya dashibodi, mahali usipopaona. Tena fyuzi hulinda waya, hailindi betri. Ampea zetu 4 zilipita mbele yake usiku mzima, naye mlinzi hakuona kosa lolote.

Inveta nazo hupiga kelele na kujizima betri inapodhoofika, lakini nyingi hungoja hadi volti 10.5 hivi. Wakati huo gari limekwisha kukataa kuwaka. Usiifanye kelele hiyo kuwa saa yako.

Joto la Pwani, baridi ya bara

Kwetu Pwani tumezoea kusema kwamba baridi ndiyo inayoua betri. Ukweli ni kwamba joto ndilo linaloila, na baridi ndiyo inayoifichua. Joto huharakisha kuchakaa kwa sahani na kukauka kwa maji ya asidi. Betri inayoishi Mombasa, chini ya boneti iliyopigwa na jua mchana kutwa, huzeeka mapema kuliko ndugu yake aliye kwenye nyanda za juu. Lakini huko Mombasa haitasema, kwa sababu injini yenye joto ni nyepesi kuzungusha.

Ipandishe sasa betri hiyo hadi Eldoret, ambako usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Oili ya injini huwa nzito, starta huhitaji nguvu zaidi, nayo betri katika baridi hutoa chini ya uwezo wake ulioandikwa. Udhaifu uliokuwa umefichika kwa mwaka mzima hujitokeza asubuhi moja, mbali na nyumbani. Kabla ya safari ndefu ya bara, hasa betri ikiwa imepita miaka mitatu, mwombe fundi wa umeme wa magari aipime, asafishe vichwa vyake na kuvikaza. Ni kazi ya dakika chache.

Usilale na injini inayonguruma

Mtu anaweza kusema: kama tatizo ni betri, basi tuiache injini ikiwaka. Nawaomba ndugu zangu tusimame hapa kidogo, kwa kuwa kosa la betri hutugharimu asubuhi moja, na kosa hili hugharimu roho.

Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na uchovu, kisha hulala, na aliyelala hajui kwamba anapaswa kuamka. Ni gesi ile ile ya jiko la makaa lililofungiwa chumbani usiku wa baridi, ambalo tunaonywa nalo kila mwaka. Gari lililo ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi, au lililoegeshwa na ekzosi yake ukutani, au lenye bomba lililotoboka, linaweza kuijaza gesi hiyo mahali watu walipo. Usilale ndani ya gari ambalo injini yake inanguruma. Usiliwashe gereji ili kuchaji kitu. Wenye magari ya haibridi wakumbuke kwamba gari likiachwa tayari kuondoka, injini inaweza kujiwasha yenyewe ili kuijaza betri, hata kama mwenyewe amesinzia.

Kunapohitajika umeme wa saa nyingi, kama vipaza sauti kwenye maulidi au matanga ya kijijini, ni bora kutafuta betri ya pekee ya sola kuliko kulichosha gari ambalo huenda likahitajika usiku huo huo kumpeleka mgonjwa hospitali.

Dawa ya kisukari safarini

Nirudi kwa dawa ya mavyaa, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ile iliyokwisha kuanza kutumiwa, kwa aina nyingi, huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30 kama karatasi ya dawa hiyo inavyoeleza. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, ambamo joto hupanda kwa kasi, wala isigusane na barafu. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Tulikosea mara tatu usiku ule. Kwanza, jokofu la nyumbani lililofungwa mlango huhifadhi baridi kwa karibu saa nne baada ya umeme kukatika, nasi tulikimbia kulifungua. Pili, chupa iliyokuwa ikitumika haikuhitaji jokofu kabisa. Tatu, zile nyingine zingeweza kulala vizuri ndani ya kijokofu kile kile, kikiwa kimefungwa na hakijachomekwa popote, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Kijokofu kilikuwa kimekwisha kupoa njia nzima kwa umeme wa altaneta, na usiku wa Eldoret ungelinda ubaridi huo hadi asubuhi. Tuliichosha betri ili kununua kile ambacho Mola alikuwa amekimimina bure juu ya nyasi. Daktari aliikagua dawa na kutupa maelekezo. Kila familia yenye mgonjwa imwulize wake kabla ya safari, isingoje giza liingie.

Kwa simu, dawa ni pawabenki. Ijazwe njiani, wakati altaneta inafanya kazi, nayo itumike usiku. Yenye ujazo wa 20,000 hujaza simu ya kawaida kama mara tatu. Umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya nchi usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, ilionekana wazi thamani ya kitu kilichojazwa kabla ya haja kuja.

Likikataa kuwaka

Yakikufika, kwanza chomoa kila kitu na uzime taa na redio. Usiendelee kuzungusha ufunguo, maana unamaliza kilichobaki. Gari la gia za mkono laweza kusukumwa. La otomatiki halisukumwi, hilo hujampiwa.

Gari la msaada liwe la volti 12 kama lako. Malori mengi ni ya volti 24, hayo usiyakaribie kwa nyaya. Magari yasigusane, na injini zote zizimwe. Waya mwekundu ushike kwanza kichwa cha jumlisha cha betri iliyokufa, ncha yake ya pili ishike jumlisha ya betri nzima. Waya mweusi ushike kutoa ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ishikishwe kwenye chuma kitupu cha injini iliyokufa, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche moja, na ncha ya mwisho mara nyingi ndiyo inayotoa cheche. Hapo washa gari la msaada, ngoja dakika chache, kisha jaribu lako. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi ulikotoka. Wakati wote huo watoto wakae kando, na mwenye kuinama achunge mtandio na buibui visinaswe na feni ya injini.

Kisha usilizime upesi. Kungurumisha dakika tano uani hakutoshi. Mwendo wa nusu saa hurudisha sehemu, na kuijaza betri iliyokauka huchukua saa nyingi. Ni vyema ichajiwe kwa chaja yake mahali penye hewa.

Tulipofika kwa wifi jioni ile, umeme ulikuwa umerudi. Mavyaa, aliyepewa matone na tarehe ya kurudi, alitaka apelekwe kwa mzee wa maziwa kabla ya kuvua viatu. Tulimkuta ameketi nje, ng'ombe wanakamuliwa. Si wa dini yetu wala si wa kabila letu. Mavyaa alimpa halua tuliyoibeba kutoka Mombasa, akamwombea heri kwa Kiswahili chake cha Mvita, naye mzee akaitikia, ijapokuwa sidhani kama aliyaelewa maneno yote.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza tumfunge ngamia kwanza, kisha tumtegemee Mola. Sisi tulimtegemea Mola na ngamia tukamwacha bila kamba, na kwa rehema Zake akatuletea jirani. Siku hizi, kabla ya kufunga mlango wa gari usiku, mume wangu hupitisha mkono kwenye matundu yote mawili. Na nyaya nyekundu na nyeusi ziko chini ya kiti chetu, kwa ajili yetu na kwa ajili ya yeyote tutakayemkuta amekwama njiani.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na awarejeshe wasafiri wetu majumbani kwa salama. Amin.